Giuseppe Occhialini, Mtegaji wa Miali ya Mbinguni

Kwetu kando ya Ziwa Mweru, karibu na Nchelenge, mtoto hujifunza kuhesabu taa kabla hajajua kuhesabu fedha. Usiku wa kiza, mwezi usipokuwapo, wavuvi wa chisense hutoka na taa zao ili samaki wale wadogo wavutwe na mwanga, na ziwa lote huwa kama mbingu ya pili. Watu walioachwa nchi kavu huhesabu taa zilizokwenda, kisha huhesabu taa zilizorudi.

Usiku mmoja wa likizo nilikuwamo katika mtumbwi wa mjomba wangu. Upepo ukavuma na mawimbi yakainuka, nasi tukageuza kurudi. Upande wa Kongo nikaona taa, ikapotea. Baada ya kitambo nikaona taa ya pili, nayo ikapotea. Kisha nikaona ya tatu. Tulipofika nikamwarifu bibi yangu kwamba mitumbwi mitatu i njiani yaja, basi hapana haja ya hofu. Lakini bibi alikuwa amekaa juu ya kichuguu tangu jua lilipotua, wala hakuondoa macho yake ziwani. Akatuambia kwamba mitumbwi mitatu haikuwako. Taa ilikuwa moja tu, nayo haikusogea muda wote ule. Ni mawimbi yaliyoificha na kuifichua machoni petu sisi tuliokuwa chini. Wanaume wakashika makasia mara moja, wakawakuta mtu na mwanawe, mtumbwi wao umejaa maji nusu, wakawaleta wazima.

Mwaka huu, nilipokuwa nikisoma habari za miali ya gama itokayo mbali sana angani, nililikuta kosa langu lile lile, nalo lilitokea katika vyombo vya wataalamu wakubwa. Tena, nyuma ya vyombo hivyo nikakuta jina la mtu mmoja ambaye katika maisha yake yote alitafuta njia ya kukesha pasipo kupitiwa. Ningependa kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu maisha yake.

Giuseppe Occhialini, ambaye rafiki zake walimwita Beppo, alizaliwa tarehe 5 Desemba 1907 katika mji mdogo wa Fossombrone, nchi ya Italia. Baba yake alikuwa profesa wa fizikia, hata mtoto akakua akiviona vyombo vya elimu hiyo kama mtoto wa mvuvi aonavyo nyavu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Florence, akapata shahada yake mwaka wa 1929. Maabara yao ilikuwa juu ya kilima cha Arcetri, mahali pale pale ambapo Galileo alimalizia siku zake. Fedha zilikuwa chache na vyombo vilikuwa haba, lakini vijana waliofanya kazi hapo walikuwa na bidii kubwa.

Mmoja wa vijana hao aliitwa Bruno Rossi. Kazi yao ilikuwa kuchunguza chembe ndogo mno zinazoshuka kutoka angani usiku na mchana, zikapenya dari, na kuta, na miili yetu sisi wenyewe, wala tusihisi kitu. Rossi alibuni mtambo wa umeme uliounganisha vihesabio kadhaa, nao ulitoa alama pale tu vihesabio vyote vilipoguswa kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo aliweza kujua kwamba chembe moja imepita katika vyote, wala si mchezo wa bahati.

Mwaka wa 1931 Occhialini alipelekwa Cambridge, Uingereza, katika maabara ya Cavendish. Alikusudia kukaa miezi mitatu, akakaa miaka mitatu. Huko alikutana na Patrick Blackett, aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, fundi hodari wa chombo kiitwacho chumba cha ukungu. Chumba hicho hujazwa hewa yenye mvuke. Hewa ikipanuliwa kwa ghafula, matone madogo hujipanga katika njia aliyopita mgeni asiyeonekana, kama vumbi linavyoonyesha njia ya gari lililokwisha kupita, na hapo picha hupigwa.

Taabu yao ilikuwa hii. Hakuna aliyejua chembe itapita saa ngapi. Blackett alipiga picha kwa kubahatisha, na nyingi mno zilitoka tupu. Ndipo Occhialini alipoleta ujuzi wa Arcetri. Wakaweka kihesabio kimoja juu ya chumba na kingine chini yake, wakaviunganisha kwa mtambo wa Rossi, hata chembe yenyewe ilipopita ikawa ndiyo inayofungua chumba na kujipiga picha. Mjomba wangu anapotega ndoana usiku hufunga kwenye kamba kopo lenye vijiwe ndani yake, apate kusinzia. Samaki akivuta, kopo hulia. Werevu ni ule ule. Tangu siku hiyo takriban picha nne katika kila tano zilikuwa na njia ya chembe. Yasimuliwa kwamba Occhialini alitoka mbio katika chumba cha giza, sahani za picha zikitiririka maji mikononi mwake, akipaza sauti mpaka maabara nzima ikamsikia.

Mwaka wa 1932 Mmarekani Carl Anderson alikuwa ameona chembe mpya, iliyo sawa na elektroni ila umeme wake ni kinyume, nayo ikaitwa positroni. Mwanzoni mwa mwaka wa 1933 Blackett na Occhialini wakatangaza picha zao, zilizoonyesha positroni nyingi zikianguka pamoja na elektroni kama manyunyu ya mvua. Wakaeleza asili yake. Mwali wa gama wenye nguvu ukipita karibu na kiini cha atomi waweza kutoweka, na mahali pake zikazaliwa chembe mbili, elektroni na positroni. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia.

Occhialini alirudi Italia mwaka wa 1934, akaikuta nchi yake imebanwa na utawala wa Mussolini. Hewa ile haikumfaa. Mwaka wa 1937 akavuka bahari kwenda São Paulo, Brazili, akafundisha katika chuo kikuu kipya cha mji ule. Lakini vita havikumwacha. Mwaka wa 1942 Brazili iliingia vitani dhidi ya Italia, na yeye aliyeikimbia serikali ya kwao akahesabiwa kuwa adui kwa sababu ya nchi aliyozaliwa. Akajitenga katika milima ya Itatiaia, akaishi kwa kazi ya kuwaongoza wapanda milima. Profesa mzima alichukua kamba na kuwaonyesha wageni njia kati ya majabali! Wala hakuiona kuwa ni kazi ya aibu, kwa maana alipenda milima na mapango maisha yake yote.

Mwaka wa 1945 alifika Bristol, Uingereza, akajiunga na Cecil Powell. Powell alitumia njia nyingine ya utegaji, yaani sahani za picha zilizopakwa dawa, ambazo chembe ikipita ndani yake huacha alama nyeusi ionekanayo kwa hadubini. Sahani hazihitaji kopo wala kengele, kwani zenyewe hazifumbi jicho hata zikusanywe. Ila dawa ilikuwa dhaifu. Occhialini akahimiza kiwanda cha Ilford kitengeneze dawa nzito zaidi. Mwanafunzi wake wa Brazili, César Lattes, akaja pia kusaidia. Mwaka wa 1946 Occhialini alizipandisha sahani mpya juu ya mlima Pic du Midi, Ufaransa, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,800, kwa sababu juu mlimani hewa ni nyembamba na chembe za angani ni nyingi. Zilipotiwa dawa na kutazamwa, ilionekana chembe ambayo haijapata kuonekana, ikasimama na kuzaa nyingine. Hiyo ndiyo pioni, na habari zake zilitangazwa mwaka wa 1947 kwa majina ya Lattes, Muirhead, Occhialini na Powell.

Sasa nafika mahali ambapo nilipasoma mara ya kwanza nikafunga kitabu kwa uchungu. Mwaka wa 1948 Zawadi ya Nobel ya fizikia alipewa Blackett peke yake, na kazi ya chumba cha ukungu ilikuwa mojawapo ya sababu. Mwaka wa 1950 alipewa Powell peke yake, kwa ajili ya sahani za picha na chembe zilizopatikana kwazo. Katika nyumba hizo mbili Occhialini alikuwa mmoja wa wajenzi, na mara zote mbili mlango ulifungwa akiwa nje. Sisi tulio katika mwaka wa mwisho twajua jinsi roho inavyodunda majina yanapobandikwa ubaoni. Wako wanaosema kwamba kazi isiyobandikwa ubaoni ni kazi bure. Mimi nami nilikuwa mmoja wao.

Lakini tutazame alifanya nini baada ya hapo. Mwaka ule ule wa 1950 alimwoa Constance Dilworth, Mwingereza, mtaalamu wa fizikia kama yeye, wakawa wenzi wa nyumba na wa kazi. Akafundisha Genoa, na tangu mwaka wa 1952 Milano, ambako maabara yake ililea wataalamu wengi vijana. Katika chuo kile kile alisoma Riccardo Giacconi, ambaye baadaye aliongoza kazi ya setilaiti iliyorushwa baharini karibu na Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Neno la lugha yetu likaenda angani, likaandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima.

Mwaka wa 1960 Occhialini alikwenda Marekani, akafanya kazi tena karibu na Rossi, rafiki yake wa Arcetri. Aliona kwamba mlima mrefu kupita yote sasa ni setilaiti. Miali ya gama itokayo kwenye nyota haifiki chini, kwa sababu hewa huizuia, na heri yetu kwamba huizuia, maana ingetudhuru. Atakaye kuiona sharti apande juu ya hewa. Aliporudi Milano akaigeuza maabara yake kuelekea anga za juu. Akawa mmoja wa waliosukuma mataifa ya Ulaya kurusha COS-B, setilaiti ya miali ya gama, tarehe 9 Agosti 1975. Ilitazamiwa kufanya kazi miaka 2, ikafanya mpaka Aprili 1982. Nayo iliitambuaje miali ya gama? Kwa lile neno tulilolishika. Mwali uliingia chomboni ukazaa elektroni na positroni, na njia za chembe hizo mbili zikaonyesha mwali ulikotoka. Alichokiona kijana katika ukungu wa Cambridge kikawa jicho la mzee angani.

Mwaka wa 1979 alipewa Zawadi ya Wolf. Tarehe 30 Desemba 1993 alifariki dunia mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 86.

Hata hivyo habari zake hazikuishia kaburini. Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti za Marekani ziitwazo Vela, zilizowekwa juu ili kuchunga majaribio ya mabomu ya atomiki, ziliona mmweko wa miali ya gama usiotoka duniani. Habari za mimweko ya namna hiyo zilitangazwa mwaka wa 1973, na tangu hapo wataalamu wakabishana: je, yatoka karibu nasi au mbali sana? Mmweko mmoja hukaa chini ya sekunde 2, mwingine sekunde nyingi au dakika kadhaa, kisha hutoweka. Kabla hujageuza darubini, kiza kimerudi.

Tarehe 30 Aprili 1996 Waitalia, wakisaidiwa na Waholanzi, walirusha setilaiti waliyoiita BeppoSAX, kwa ukumbusho wa Beppo Occhialini. Ilizunguka dunia karibu na mstari wa ikweta, na kila ilipopita juu ya Afrika Mashariki ilimwaga habari zake katika kituo cha Malindi, zikapelekwa Roma. Tarehe 28 Februari 1997 ikaona mmweko upande wa kundi la nyota la Orioni, ambalo majira yale hung'aa juu ya Mweru kila jioni. Safari hii watu walikuwa tayari. Muda wa saa 8 hivi baadaye walikuwa wamekwisha kuielekeza setilaiti mahali pale, wakaona kaa la moto likififia. Darubini za nchi kavu zikalitafuta zikalipata. Mmweko mwingine, wa tarehe 8 Mei 1997, ukapimwa umbali wake, ikajulikana kwamba nuru yake ilisafiri mabilioni ya miaka. Fumbo la miaka 30 likafunguliwa na chombo chenye jina la mtu ambaye mara mbili jina lake lilisahauliwa.

Imebaki mimweko mirefu. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, nayo ilitumia kituo cha Malindi. Ilipoona mmweko ilijigeuza yenyewe kuuelekea kwa muda wa dakika moja au mbili, pasipo kungoja amri ya mtu. Huo ni mtego ule ule wa mwaka wa 1932. Tarehe 9 Desemba 2011 ukatokea mmweko uliodumu karibu saa 7. Setilaiti iliyo karibu na dunia huizunguka kwa saa moja na nusu hivi, na kila mara dunia yenyewe huificha sehemu kubwa ya mbingu. Itawezaje kuona saa 7 bila kukatika? Yule aliyeona mfululizo ni mtambo wa Warusi uitwao Konus, ndani ya chombo cha Wind kilichorushwa mwaka wa 1994, ambacho hukaa mbali sana na dunia, wala dunia haikizibi macho.

Tarehe 2 Julai 2025, siku ile ile ya mwezi kama mwaka wa 1967, darubini ya Fermi ya Marekani ilipiga kengele mara tatu kwa muda wa saa chache, na kila mara ikadhaniwa ni mmweko mwingine. Wataalamu walipolinganisha habari na vyombo vingine, Konus kikiwamo, wakatambua kwamba taa ilikuwa moja. Ilidumu zaidi ya saa 7, mmweko mrefu kupita yote iliyokuwa imeandikwa mpaka siku hiyo. Setilaiti ya Kichina, Einstein Probe, ilikuwa imekwisha kuiona kwa miali ya eksirei tangu siku iliyotangulia. Mimweko mirefu ya kawaida huletwa na nyota kubwa inayoporomoka na kiini chake kuwa shimo jeusi, lakini kuporomoka huko hakuchukui saa nyingi hivyo. Kwa hiyo wengine walisema hapa shimo jeusi lilimeza nyota nzima, wengine wakatafuta sababu nyingine.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka bibi juu ya kichuguu chake. Hakuwa na macho makali kuliko yangu. Alikuwa amekaa mahali pazuri zaidi, na hakuinuka. Taa ya ghafula yaweza kuonwa na kila mtu aliye macho. Taa ya muda mrefu huonwa na yule tu aliyejiandaa kukaa nayo, au na watu wengi waliokubali kuunganisha walichokiona.

Nadhani maisha ya Occhialini yalikuwa taa ya namna hiyo. Waliotazama mwaka wa 1948 waliona kiza. Waliotazama mwaka wa 1950 waliona kiza tena. Lakini aliyetazama tangu Arcetri mpaka Malindi ataona nuru moja isiyokatika, na ataelewa kwamba wimbi ndilo lililopita katikati. Basi, ndugu zangu wa madarasa ya chini, jina lenu lisipoonekana ubaoni, msiziweke chini nyavu. Yule mtu na mwanawe hawakujua kama kuna anayewatazama, lakini hawakuizima taa yao. Nao wamo miongoni mwetu hata leo.